Paybill au Till kwa kufunga ankara ya kazi
Programu ya kusimamia kazi za mafundi inaweza kuifunga ankara yenyewe, yaani kuiandika kuwa imelipwa, mteja anapolipa kwa M-Pesa, lakini hilo hufanyika vizuri kwa namba ya malipo ya Paybill, si kwa namba ya Till ya kawaida. Paybill humtaka mteja aandike namba ya akaunti. Ukiagiza kwamba namba hiyo iwe ni ya kazi, ileile iliyotolewa ombi lilipopokelewa na ambayo fundi anayo kwenye karatasi yake, taarifa ya malipo inayoletwa na Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha M-Pesa na programu nyingine, hufika ikiwa nayo, na programu huilinganisha na ankara bila karani kushika kalamu. Till haiulizi akaunti, hivyo hubaki mambo kama kiasi, muda na msimbo wa muamala, ambayo hayasemi ni kazi ipi iliyolipiwa. Paybill yenye namba ya kazi ndiyo tunayotumia katika karakana yetu ya majokofu hapa Industrial Area. Wateja hukosea namba, hasa anayelipa akiwa si yule aliyeita fundi. Kwa hiyo omba Safaricom wakuwashie uhakiki wa akaunti, ambao haujawashwa tangu mwanzo, ili malipo yenye namba isiyokuwepo yakataliwe. Suala la KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ni jingine: tangu Januari 2024 mteja mwenye biashara kwa kawaida huhitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili gharama yake ikubaliwe katika hesabu ya kodi, na ankara iliyochapwa na programu isiyounganishwa na eTIMS haitamfaa.