Mswada Ukishapita Bungeni, Jaji Hana la Kusema?

SWALI: Shikamoo bibi wakili. Mimi nauza viazi karai Mwembe Tayari. Juzi barazani mheshimiwa mmoja alituambia kwamba mswada ukishapitishwa na Bunge na Rais akautia saini, basi umekwisha. Jaji hawezi kuugusa kwa kuwa yeye hakuchaguliwa na mtu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikuridhika. Ni kweli?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na inaniuma kusikia mtu aliyeapa kuilinda Katiba akiwaambia hivyo waliomchagua.

Tarehe 4 Agosti 2010 tulipanga foleni tukaipigia kura Katiba hii ya Kenya. Kama ulikuwa mdogo, muulize mamako. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi; Bunge limekabidhiwa sehemu yake, mahakama nazo yao. Kazi ya kutunga sheria ni ya Bunge, Kifungu cha 94, na si kazi ndogo: hata waziri hawezi kutoa kanuni yenye nguvu ya sheria asiporuhusiwa na Katiba au sheria. Ila Kifungu cha 2 kinatamka kuwa sheria inayokwenda kinyume na Katiba ni batili pale inapokosana nayo, na Kifungu cha 165 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamua hilo. Mbunge tulimtuma. Katiba tuliipitisha sisi wenyewe. Jaji anayefuta sheria anasimamia kura yetu ile ya 2010.

Na imeshatokea. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya usalama katikati ya vurugu ukumbini, na Rais akaitia saini kesho yake. Februari 2015 majaji 5 wa Mahakama Kuu walifuta vipengele 8, kikiwemo kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Vilivyosalia vikaendelea kutumika.

Hapa kwetu utakumbuka agizo la serikali la kulazimisha makontena yapande treni ya SGR, malori yakakosa mizigo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu, papa hapa Mombasa, ililiona limekiuka Katiba, kwani watu hawakushirikishwa. Lile halikuwa tendo la Bunge, lakini deni hilo la kuwashirikisha wananchi Bunge nalo linalo, kwa Kifungu cha 118.

Hata hivyo, mwanangu, usiiachie mahakama kila kitu. Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya kodi, ilitangazwa batili na Mahakama ya Rufani Julai 2024. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu, iliyo juu ya zote, ikaupindua uamuzi huo. Muda wote huo kesi ikizunguka, watu walikuwa wakilipa ushuru.

Mimi ningekuomba uwahi mswada ungali kwenye kamati. Tangazo la kukusanya maoni likitoka, andika waraka wako kwa Karani wa Bunge: taja kipengele kinachokukera, eleza kitakavyoigusa biashara yako, na useme unataka kiondolewe au kiandikweje. Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi. Ni lugha rasmi ya Bunge kwa Kifungu cha 120. Wakusanye na wenzako waliopiga makofi, kila mmoja atie jina lake. Kisha mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana siku mkienda kortini kulalamika kwamba hamkusikilizwa, hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza.