Mapazia ya matajiri, hotuba za vibarua

Wiki hii mmeuliza: "Je, msanii awaachie wanasiasa siasa?" Kwa William Morris, mbunifu wa vitambaa wa Uingereza wa karne ya 19, swali hilo ni jepesi. Linalonikera ni jingine: aliyewauzia matajiri mapazia alipata wapi uso wa kupanda jukwaani kuwatetea vibarua? Mimi nasema hakustahili.

Tazameni mwaka 1883. Januari anajiunga na Democratic Federation, chama kilichokuwa kikielekea kwenye usoshalisti. Mei anasajili Strawberry Thief, kitambaa chenye ndege wanaodokoa stroberi, kimoja cha vitambaa vyake vya pamba vya bei ghali kabisa.

Ghali kwa nini? Karakana yake ilikuwa Merton Abbey, kando ya mto Wandle. Kitambaa chote kilitumbukizwa kwanza kwenye pipa la nili, rangi ya buluu ya mmea. Nili haiyeyuki kwenye maji matupu. Ndani ya pipa lazima iondolewe oksijeni, kwenye maji yaliyotiwa chokaa au magadi, mpaka yawe ya kijani-manjano. Kitambaa hutoka kijani, kikapigwa na hewa ndipo kinapogeuka buluu. Mtumbukizaji akifanya pupa akaingiza hewa, nili hugeuka buluu humohumo pipani, inakaa juujuu ya uzi, na kitambaa kinachujia mikononi kama kaniki mbovu. Kisha vibao vya mbao vilivyochongwa hupiga dawa ya kuondoa buluu pale panapotakiwa peupe. Dawa ikipungua, ndege anabaki na ukungu; ikizidi, pamba inalika. Halafu nyekundu, halafu manjano, na kuosha katikati. Kibao kikisogea kidogo tu, stroberi inatoka nje ya mstari wake. Kazi ya siku kadhaa, na kosa la siku ya mwisho linaharibu zote.

Hapa mkono wangu unalegea. Bei ile ilikuwa hesabu ya siku za watu. Mitambo ya kuchapa kwa silinda na rangi za anilini, yaani rangi za kemikali zilizoanza na mkemia Mwingereza Perkin mwaka 1856, zilichapa kwa bei ya chini, na nyingi za mwanzo zilipauka juani. Aliyejua kazi safi inakula muda gani alikuwa na la kuwaambia wenye viwanda.

Basi alistahili, ingawa kwa sharti: tusijifanye kwamba kibarua aliwahi kulitundika pazia lile. Alichopata ni Commonweal, gazeti la Socialist League, chama alichoshiriki kukianzisha Desemba 1884. Gazeti hilo halikujilipia. Morris alilitegemeza kwa fedha za mfukoni mwake, na mfuko huo ulijazwa, pamoja na mengine, na mapazia yaleyale.