Kabla hujauza gitaa ununue priampu

Wadogo zangu wa studio za chumbani, juzi tena dogo mmoja kaniletea vokali nisikilize. "Braza, priampu ya hii saundi kadi mbovu, nataka nichukue ya tyubu." Priampu ni kinyanyua sauti ya maiki; saundi kadi ni kisanduku kinachoiingiza sauti hiyo kwenye kompyuta; ya tyubu ni ile yenye vali za kioo ndani. Nyuma ya sauti yake kuna feni, kuna jogoo, na kuta za zege zinamrudishia kila neno. Priampu gani itamfukuza jogoo?

1. Ijue maiki yako kwanza. Kondensa, yaani maiki zinazotumia umeme kutoka kwenye kadi, nyingi zina sauti ya kutosha; washa umeme huo, volti 48, pandisha geini (kiwango cha kunyanyua sauti) ya wastani, imba. Kadi yoyote ya sasa inaziweza. Shida huanza na dainamiki, maiki zisizohitaji umeme huo, hasa zile zenye sauti ndogo. Shure SM7B, ambayo wengi mmeionea kwenye podikasti, inataka geini ya desibeli 60 hivi. Saundi kadi ya Scarlett 2i2 toleo la tatu inaishia 56, la nne inafika 69. Hapo swali la priampu ni halali, ingawa Cloudlifter, kisanduku cha kuweka kati ya maiki na kadi kinachoongeza mpaka desibeli 25, mara nyingi kinamaliza kazi.

2. Gitaa la umeme lichomeke kwenye Inst, mpangilio wa kadi wa vyombo. Ukiliweka Line, mpangilio wa sauti iliyokwisha kunyanyuliwa, linakosa ung'avu. Sirudii.

3. Priampu ya nje inaingia Line. Hapa nitakaa kidogo, maana pananiuma.

Niliuza gitaa langu nikaagiza ya tyubu, chuma kizito chenye mwanga wa chungwa, nikawa nazima balbu nirekodi gizani ili niutazame. Nyuma ina matundu mawili ya kutolea: XLR (plagi ya pini tatu kama ya maiki) na jeki (plagi kama ya gitaa). Nikatoa kwa XLR, nikaingiza XLR kwenye kadi, kwa vile plagi zilikubaliana. Kumbe tundu lile linapita kwenye priampu ya kadi, ileile niliyokuwa naikimbia. Sauti iliyokwisha kunyanyuliwa ikanyanyuliwa tena, ikapasuka. Nikaishusha tyubu karibu na sifuri ili taa nyekundu isiwake, kelele ya shhh ikatawala. Badala ya kuchunguza waya, nikajiambia huo ndio ujoto wanaousifia watu.

Nikarekodi hivyohivyo wimbo wa harusi. Wa mteja. Amelipa. Ukumbini maharusi wanaingia, spika kubwa zinafunguka, kila S inakwaruza masikio. Mjomba wa bwana harusi akainuka kwenda kumgombeza fundi mitambo, mtu asiye na kosa lolote, na mimi nipo meza ya nyuma nachambua pilau iliki mojamoja, sikuinua uso mpaka keki. Dawa ilikuwa waya mmoja wa TRS: jeki kwa jeki, kadi iwe Line, geini yake chini kabisa.

4. Rekodi biti 24 (mpangilio wa programu ya kurekodia), vilele vya sauti vichezee desibeli -12 hadi -10 kwenye mita. Mambo ya kufukuzia nyekundu tuliyaacha kwenye kaseti.

5. Godoro liweke nyuma ya mwimbaji. Wengi mnalitundika nyuma ya maiki, wakati maiki ya kadioidi inasikia upande wa mbele, yaani mwimbaji na ukuta ulio mgongoni kwake. Feni zima, ajifute jasho baina ya beti. Mvua ikianza kupiga mabati, acheni kurekodi. Chemsheni chai mkaurudie ubeti wa pili, maana mara nyingi haujakaa sawa.