Mdomo umepona wiki moja, goti mwaka mzima bado

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za majeraha na vidonda, sijui ligi za mitaani zimeanza au vipi. Nimechagua chache ambazo ukizisoma pamoja utaona zinauliza kitu kimoja, ila wenyewe hawajui.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi kijana wa miaka 24 nipo Tanga nacheza mpira mtaani. Mwaka jana kwenye mechi nilipigwa kiwiko mdomo ukapasuka kwa ndani, hapohapo nikadondoka vibaya goti likazunguka. Mdomo ulipona ndani ya wiki bila hata dawa. Goti mpaka leo nikichuchumaa linauma na saa nyingine linajifunga halikunjuki kabisa. Nilipiga MRI wakasema meniskasi imechanika. Mama kila Jumapili ananipikia supu ya makongoro, na bamia ndo usiseme, eti zinarudisha ute wa goti. Sasa mbona mwili ni huohuo, mdomo upone goti ligome?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwili ni huohuo ila haujajengwa na kitu kimoja. Seli zinazofanana zikikaa pamoja zikafanya kazi moja tunaita tishu, na binadamu ana aina kuu nne tu: tishu ya kufunika ambayo kwenye biolojia wanaiita epithelia, tishu unganishi, tishu ya misuli na tishu ya neva. Kila kiungo unachokijua, tumbo, ini, jicho, ni hizohizo zimechanganywa kwa vipimo tofauti. Mdomo wako ulipasuka kwenye epithelia. Goti limechanika kwenye tishu unganishi, tena kwenye ile iliyo bahili kuliko ndugu zake wote linapokuja suala la kupona, yaani gegedu, ile tishu ngumu ya kama raba inayokaa kwenye viungo.

Epithelia ndo ngozi ya juu, ndo utando wa ndani ya mdomo, koo, utumbo, mapafu, kibofu, mirija ya figo, popote pale mwili unapopakana na nje au na uwazi wa ndani. Inakinga, inanyonya chakula, inatoa jasho na ute. Sehemu kama hizo zinakwanguliwa kila siku, we fikiria tu ugali wa moto na miiba ya samaki, kwahiyo seli zake hazipumziki kugawanyika. Utando wa utumbo mwembamba unabadilishwa wote ndani ya siku 3 hadi 5 hivi, ngozi ya juu inachukua kama wiki 4. Mdomoni seli zimepangana matabaka mengi, la chini linazalisha na la juu linachakaa na kudondoka, halafu mate nayo yana vitu vinavyosaidia kidonda kufunga. Najua kuna msomaji mjuaji atasema dokta, mbona epithelia yenyewe haina mishipa ya damu? Kweli haina hata mmoja. Ila imelala juu ya tishu unganishi laini iliyojaa mishipa, chakula kinapanda kutoka hapo chini, umbali ni mdogo sana.

Gegedu haina jirani kama huyo. Ukiiweka kwenye hadubini unaona seli chache zimejifungia kwenye vishimo, moja huku nyingine kule, katikati ni kolajeni (protini ya nyuzinyuzi) na maji, mshipa wa damu hakuna na neva hakuna. Inakulaje sasa? Ukikanyaga, uzito unaminya maji yanatoka, ukiinua mguu yanarudi na chakula kutoka kwenye ute wa goti, kama sponji ya kuoshea vyombo. Ndo maana goti lililolazwa miezi bila kutembea linazidi kuharibika, gegedu inakosa chakula. Meniskasi ni gegedu yenye nyuzi nyingi, ziko mbili kila goti, umbo la mwezi mwandamo, zinagawa uzito kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Ukingo wake wa nje, kama theluthi hivi, una damu. Kwa ndani hakuna kitu. Kwahiyo daktari wa mifupa swali lake la kwanza litakuwa imechanika wapi, maana ya nje inaweza kujiunga au kushonwa, ya ndani haina cha kujiungia na mara nyingi kile kipande kinachokwama ndo kinaondolewa. Cha kuchekesha ni kwamba mfupa wenyewe ungevunjika labda sahivi ungeshasahau, sababu mfupa pamoja na ugumu wake umejaa damu na seli za kubomoa na kujenga, muundi wa mtu mzima mara nyingi miezi 3 au 4 unakuwa umeunga.

Makongoro kula tu, usimvunje moyo mama. Ule urojo unaoganda supu ikipoa ni kolajeni iliyogeuka jelatini, ni protini. Lakini ikifika tumboni inakatwakatwa kuwa amino asidi kama protini ya maharage tu, na mwili hauna kumbukumbu kwamba hii ilitoka kwenye mguu wa ng'ombe basi iende mguuni. Bamia nayo utelezi wake ni aina ya wanga, ute wa goti unatengenezwa na utando wa goti lenyewe, hawajuani hata kwa jina. Hilo goti kujifunga silipendi, maana yake kuna kipande kinaingia katikati. Acha mechi, usilivute kwa nguvu, peleka hiyo picha kwa daktari wa mifupa na umuulize habari ya fizio, yaani mazoezi ya tiba, ya misuli ya paja.

SWALI: Dokta mambo, niko fomu tuu Kigoma. Ticha wa baiolojia kasema damu ni tishu unganishi darasa zima tukacheka. Inaunganisha nini wakati inamwagika? Na nani aliamua tishu ziwe nne?

JIBU: Ticha wenu yuko sahihi, mumuombe radhi. Tishu unganishi haitambuliwi kwa kufunga vitu kama kamba, japo kano na ligamenti kweli zinafunga. Inatambuliwa kwa sura hii: seli zimetawanyika ndani ya kitu kingine ambacho si seli. Kwenye mfupa kitu hicho ni kigumu kwa chumvi za kalsiamu, kwenye gegedu ni kama raba, kwenye damu ni majimaji ya plazma ambayo ni kama asilimia 55 ya damu yote. Tena seli za damu zinazaliwa kwenye uboho, ndani ya mfupa humohumo, na chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi. Mafuta ya tumboni nayo yamo kwenye ukoo huu, muulize ticha kama hajasema.

Hiyo namba nne ilikuja baadaye. Mfaransa mmoja anaitwa Xavier Bichat, miaka ya 1800 na 1801 aliandika kwamba ugonjwa haukai kwenye kiungo kizima, unakaa kwenye tishu fulani ya kiungo hicho, akahesabu tishu 21. Alifanya kwa macho, kisu, kuchemsha, kukausha na kuloweka, hadubini hakuiamini. Kafa 1802 ana miaka 30 tu. Hadubini zilipokuwa nzuri wengine wakazipanga upya zikabaki nne.

SWALI: Dokta habari ya kazi, mimi mama wa watoto watatu, Dodoma. Nilienda kupima shingo ya kizazi wakanipaka siki wakasema kuna weupe, wakakata kinyama wakapeleka maabara. Wiki ya pili hii sijajibiwa. Jirani yangu ananitisha eti ukishakatwa kinyama saratani inaamka inasambaa. Na hivi wanatafuta nini muda wote huo?

JIBU: Pole dada, kusubiri ndo kunaumiza kuliko kipimo chenyewe. Jirani mwambie hapana, kinyama cha shingo ya kizazi hakiamshi wala hakisambazi kitu, na bila hicho kinyama hakuna daktari anayeweza kusema kwa uhakika una nini. Weupe wa siki peke yake sio saratani, hata uvimbe wa maambukizi unaweza kutoa weupe.

Kinachofanyika: kinyama kinalowekwa kwenye formalini kisioze, kinakaushwa maji, kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kabisa vya mikroni chache (mikroni 1,000 ndo milimita moja), vinapakwa rangi, zambarau kwa viini vya seli na pinki kwa vilivyobaki. Halafu patholojisti, daktari anayesoma tishu za wagonjwa, anakaa na hadubini. Hayo yote yanachukua siku, na mapatholojisti kwetu sio wengi.

Anachoangalia ni mpaka. Shingo ya kizazi kwa nje, upande wa uke, imefunikwa na epithelia ya matabaka mengi, ngumu ngumu, na kwa ndani kuna epithelia ya tabaka moja la seli ndefu zinazotoa ute. Zinapokutana seli zinabadilika badilika kutoka aina moja kwenda nyingine, na kirusi cha HPV, ndo kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, kinapapenda hapo kuliko pengine popote. Chini ya epithelia kuna utando mwembamba sana unaoitenganisha na tishu unganishi yenye damu. Seli mbovu zikiwa bado juu ya utando huo, hiyo inaitwa mabadiliko ya awali, inatibika kwa kugandishwa au kuunguzwa na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Zikishatoboa kwenda chini ndo tunasema saratani, sababu huko zinaikuta mishipa ya kuzisafirisha. Kwahiyo majibu yakitoka usiishie kuuliza ninayo au sina, uliza zimevuka au hazijavuka. Wiki hii nenda kaulizie mwenyewe, usingoje simu, na kama una binti wa umri wa chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kutolewa nchi nzima 2018, ulizia na hiyo.

SWALI: Dokta shikamoo. Baba yangu alipata shambulio la moyo, amepona anatembea. Ila anataka kurudi kulima kwa jembe kama zamani, anasema hata alipoteguka msuli wa paja alipumzika ukarudi, na moyo si msuli? Iringa.

JIBU: Marahaba. Baba kapatia nusu. Moyo ni msuli kweli, ila misuli ipo ya aina tatu na haifanani tabia. Ile ya kwenye mifupa unaiamrisha mwenyewe na pembeni yake kuna seli za akiba zinazoamka ikichanika. Misuli laini ipo kwenye ukuta wa utumbo, kibofu, mishipa ya damu na mji wa mimba, inafanya kazi bila kukuuliza na inajirudisha vizuri tu. Msuli wa moyo hauna akiba ya maana. Watafiti wa Sweden 2009 walipima kaboni iliyotapakaa hewani enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia ikaingia kwenye miili ya watu, maana inaonyesha seli ilizaliwa lini, wakakuta mtu wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, akifika 75 ni chini ya nusu ya hiyo. Sehemu iliyokufa kwa baba imezibwa na kovu, tishu unganishi tupu, inashikilia ukuta usipasuke lakini haisukumi damu. Asirudi kwenye jembe kwa kujikadiria, apigwe ekokadiogramu, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, waone moyo uliobaki unasukuma kiasi gani, na vidonge asiviache eti kwa sababu anajisikia fiti.

SWALI: Salaam aleikum daktari, mimi fundi wa jua kali Mombasa. Bati lilinikata kwenye kifundo cha mkono, nikashonwa neva hospitali. Kidonda kimefunga sawasawa lakini vidole viwili bado ganzi na ni miezi miwili sasa. Walikosea kushona?

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa miezi miwili huwezi kulaumu mtu. Neva ikikatwa, ule uzi mrefu wa seli unakufa kuanzia ulipokatwa kwenda mbele, halafu unachipua upya kutoka juu, kama milimita 1 kwa siku na mwanzoni unachelewa kidogo kuanza. Kutoka kifundo hadi ncha ya kidole pana sentimita 18 hivi, piga hesabu, ni nusu mwaka na zaidi. Na wewe una nafuu kwamba ni neva ya mkononi, za kwenye ubongo na uti wa mgongo hazichipui hivyo.

Jigongegonge kidogo kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kovu kwenda mbele. Pale mbele kabisa unaposikia kama shoti ya umeme inakimbilia vidoleni ndipo uzi ulipofikia. Weka alama kwa kalamu, rudia mwezi ujao, ikiwa imesogea mbele mambo yanaenda. Ikiwa haijasogea kabisa, au nyama ya kiganja inaanza kubonyea, rudi kwa aliyekushona upesi, msuli usiopata neva muda mrefu unanyauka na haurudi. Na kwa sasa usipime joto la chuma kwa vidole hivyo, tumia mkono mwingine.