Nondo peke yake haitoshi

Pole sana mkuu uliyeibiwa simu usiku, kama nondo za dirishani zipo na bado wezi wamekata wavu wakaibeba basi hapo wametumia fimbo yenye ndoano, wanavuta ukiwa umelala hapohapo, kwa hiyo usiku simu na pochi zikae mbali na dirisha kabisa. Na hizo nondo ziangalie, zikiwa za kusimama tu wanachomeka jeki ya gari katikati wanazitanua mpaka mtu anapita, mwambie fundi achomelee na za kulala. Mlangoni usitegemee kitasa, weka komeo la ndani juu na chini. Halafu majirani aisee, peaneni namba! Kwetu wezi walikimbia kisa mama wa nyumba ya pili alipiga yowe saa nane usiku.