Taa ya biogesi imefifia? Usiruhusu nozeli itobolewe, anza na hewa

Mkuu, nimesoma maelezo yako hapa jukwaani mara mbili na picha nimezikuza mpaka mwisho. Unasema taa ya biogesi iliyofungwa sebuleni kwako Rungwe iliwaka vizuri miezi ya mwanzo, sasa mwanga umekuwa wa rangi ya chungwa, moto unachungulia nje ya kile kifuko cheupe cha kitambaa kinachouzunguka, na kioo kimeota weusi upande wa juu. Fundi amekushauri atoboe nozeli kidogo, ile ncha yenye katundu ka kutolea gesi, ili gesi iingie nyingi. Kabla hujamruhusu naomba unisikilize, kwa sababu kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu, na nozeli ikishapanuka hairudi.

Nimekulia Ukerewe. Baba mdogo alikuwa na mtumbwi wa dagaa, na tangu nikiwa darasa la sita kazi yangu ilikuwa karabai. Usiku wa giza tulitoka na karabai nne, kila moja juu ya chelezo chake cha mbao, tunaziacha zielee zikusanye dagaa. Karabai inakula mafuta ya taa, lakini mafuta hayaungui yakiwa majimaji. Yanasukumwa na upepo wa pampu, yanapita kwenye mrija wa moto na kugeuka mvuke, mvuke unafyatuka kwenye katundu ka nozeli, unavuta hewa njiani, ndipo unaungua kwenye kifuko. Kwa hiyo karabai na taa yako ni ndugu wa tumbo moja.

Usiku mmoja karabai moja ikaanza kufifia tukiwa katikati ya ziwa. Sindano yake ya kusafishia ilikuwa imekatika, nikachukua sindano ya cherehani nikachokonoa. Nilipowasha tena, moto ulitoka mrefu wa njano, kioo kikawa cheusi kabla hatujashusha wavu, na kifuko kikajaa masizi. Tulivua kwa karabai tatu mpaka asubuhi. Baba mdogo hakunigombeza. Kulipokucha aliifungua ile nozeli, akaielekeza kwenye jua, akaniambia nichungulie. Tundu lililokuwa duara safi limekuwa na umbo la yai. Akasema, "Umeiongezea chakula, pumzi hukuiongezea." Sijapata maelezo bora kuliko hayo tangu siku ile.

Jambo lenyewe ni hili: kwenye taa yako mwanga hautoki kwenye moto. Unatoka kwenye kifuko. Moto kazi yake ni kukipasha kifuko joto mpaka kiwe cheupe, na moto mkali kabisa ni ule wa bluu, mfupi, uliokwisha kuchanganyika na hewa ya kutosha kabla haujafika pale. Ukiongeza gesi bila hewa moto unarefuka, unapoa, unatoka nje ya kifuko na kwenda kuungulia hewani ambako hakuna cha kupasha. Ndiyo hiyo chungwa unayoiona.

Hata hivyo simlaumu fundi wako. Ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa kwa taa za gesi za zamani, na hapa naomba nirefushe kidogo kwa sababu ukijua zilikotoka utaielewa taa yako bila kufundishwa na mtu.

Mwaka 1792 William Murdoch aliangaza nyumba yake kule Redruth, Uingereza, kwa gesi iliyopikwa kutokana na makaa ya mawe. Vichomeo vya mwanzo vilikuwa bomba lenye tundu tu, moto unatoka kama mkia. Baadaye mafundi wakagundua kwamba ukikata ufa mwembamba kwenye ncha, moto unatandazika kama bawa la popo na mwanga unaongezeka kwa gesi ileile. Wengine wakatoboa matundu mawili yanayoelekeana kwa pembe, mikondo miwili ikagongana na kutandazika kama mkia wa samaki. Majina yakawa hayohayo, bawa la popo na mkia wa samaki. Kisha ikaonekana kwamba ncha ya chuma inanyonya joto la moto na inashika kutu, kwa hiyo mwaka 1858 William Sugg wa London akaanza kutengeneza ncha za jiwe la sabuni, jamii ileile ya jiwe wanalochonga vinyago kule Kisii. Jiwe halinyonyi joto kama chuma na haliliwi na kutu, kwa hiyo tundu lilibaki na kipimo chake. Nilipolisikia hilo nilikumbuka nozeli ya baba mdogo.

Sasa angalia. Katika taa zote hizo hakukuwa na kifuko. Mwanga ulitoka kwenye chembechembe za kaboni zinazong'aa ndani ya moto wenyewe, zile ambazo zikipoa tunaziita masizi. Mafundi wa wakati ule waliikwepa hewa isiingie mapema, maana ikiingia chembe zinaungua zote, moto unakuwa wa bluu, na chumba kinakuwa giza. Walitaka gesi itoke polepole kwenye tundu pana. Hapo ndipo "panua tundu" ina maana. Na gesi yao ya makaa ilikuwa na vitu vinavyotoa kaboni nyingi. Biogesi yetu ni methani, kwa kawaida kati ya asilimia 55 na 70, na sehemu kubwa iliyobaki ni kabonidayoksaidi isiyoungua kabisa. Ukiiwasha bila kifuko haitoi mwanga wa maana hata uikatie ufa wa namna gani.

Aliyegeuza mambo ni Carl Auer von Welsbach wa Austria. Alikuwa amesoma Heidelberg kwa Robert Bunsen, yule wa kichomeo cha maabara ambacho wengi tulikiona sekondari, kinachochanganya hewa na gesi kabla ya kuwaka na kutoa moto wa bluu. Auer akauchukua moto huo usio na mwanga lakini wenye joto kali, akauvalisha kitambaa kilicholowekwa kwenye chumvi za madini. Kitambaa kinaungua, yanabaki majivu yenye umbo la kitambaa, na majivu hayo yakipata joto yanang'aa. Kifuko chake cha mwaka 1885 kilitoa mwanga wa kijanikijani na kilivunjika ovyo. Mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliobaki kuwa msingi wa vifuko: oksaidi za metali mbili, ya thori asilimia 99 na ya seri asilimia 1. Thori peke yake hutoa mwanga hafifu sana. Seri ikizidi, mwanga unashuka tena. Hiyo asilimia moja ndiyo iliyoziokoa taa za gesi wakati balbu ya umeme ilikuwa imekwisha kuingia sokoni.

Kwa hiyo fundi wako anakupa dawa ya taa ya Sugg kwa taa ya Auer. Taa yako inataka hewa. Kwa biogesi yenye methani asilimia 60, lita moja ya gesi inahitaji karibu lita sita za hewa ili iungue yote. Na kinachoivuta hewa hiyo ni kasi ya gesi inapofyatuka kwenye nozeli. Tundu likiwa pana gesi inaongezeka, lakini hewa inayovutwa kwa kila lita ya gesi inapungua. Unapoteza mara mbili.

Tena wewe mwenyewe umesema taa iliwaka vizuri mwanzoni. Maana yake kipimo cha nozeli kilikuwa sawa. Mahali ambapo kupanua nozeli kuna mantiki ni pale mtu anapogeuza taa ya gesi ya mtungi itumie biogesi, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kwa nguvu na nozeli yake ni ndogo sana. Taa yako haiko huko.

Nikwambie nilivyofanya kwangu. Sasa naishi Arumeru, nina ng'ombe watatu na mtambo wa kuba wa aina ya CAMARTEC, kile kituo cha teknolojia ya vijijini cha Arusha. Taa ilianza kufifia kama yako, na nilipoteza wiki mbili nikibadilisha vifuko. Kilichonifungua macho ni kuiwasha saa kumi na moja alfajiri, kabla mama watoto hajapika chai. Iling'aa kama mpya. Jioni baada ya kupika ugali na maharage, chungwa. Kuba haina msukumo mmoja siku nzima. Usiku gesi inajikusanya na kulisukuma tope kwenye chemba ya kutokea, msukumo unapanda, ukipika unashuka. Msukumo ukishuka kasi ya gesi inashuka, hewa inayovutwa inashuka. Fanya jaribio hilo kwanza, halina gharama.

Halafu pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, urefu wa mita moja na nusu, ukunje umbo la U, ufunge kwenye ubao, tia maji yenye rangi kidogo mpaka katikati. Upande mmoja uunge kwenye bomba karibu na taa, mwingine uache wazi. Fungua koki ya taa, uiwashe, usome maji yamepishana sentimita ngapi. Taa yangu inapenda kati ya 8 na 15. Chini ya 5 haifai kitu, na zaidi ya 20 moto unanguruma na kujinyanyua kutoka kwenye kichomeo, kwa kuwa moto wa biogesi unasafiri polepole na gesi ikikimbia sana unaachwa nyuma. Kama maji yanachezacheza juu na chini na taa inapepesa, una maji ndani ya bomba. Mvuke wa mtamboni unageuka maji mahali bomba lilipolegea na kufanya tumbo. Yatoe kwa koki ya chini, na ulinyooshe hilo tumbo.

Msukumo ukiwa mzuri na taa bado ni chungwa, funga gesi, acha taa ipoe, ufungue kichomeo. Angalia matundu ya hewa pembeni ya mrija wa kuchanganyia. Kwangu nilikuta utando wa buibui. Si utando mkubwa, ni kama pamba ndogo iliyozunguka ukingo wa tundu, huwezi kuiona bila tochi. Inatosha kabisa kuiua taa. Buibui wanapapenda pale, na taa isiyowashwa wiki mbili tatu wanaingia. Nilipitisha brashi ya chupa, nikapuliza, nikarudisha, ikawa mwanga. Nozeli yenyewe ioshe kwa maji ya sabuni na uipulize. Ukiona ukoko wa kijani au mweusi, hiyo ni kazi ya haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, inaila shaba. Itoe ukoko kwa unywele mmoja wa brashi ya meno, usitumie kitu chochote cha chuma. Ikiwa tundu limekwisha kuliwa, nunua nozeli nyingine ya namba ileile.

Ukisharudisha, washa taa uiache dakika tatu ipate moto, ndipo uguse pete ya hewa, ile inayofungua na kufunga matundu ya hewa. Ifungue polepole. Utasikia sauti inabadilika kutoka mpumuo mzito kuwa msisimko mwembamba, na kifuko kinaanza kujaa weupe kuanzia juu kushuka chini. Simama hapo. Ukizidisha, moto utarudi ndani ya mrija kwa mlio kama kofi. Funga koki, subiri, uanze upya na pete ikiwa imefungwa kidogo.

Kifuko chako kwenye picha ya tatu kimekaa upande. Ukifunga kipya, mikunjo igawanye sawa pande zote kabla ya kukaza uzi. Kichome gesi ikiwa inapita kidogo, ili kivimbe kinapoungua na kiwe duara linalolingana na moto. Kikishaungua usikiguse hata kwa unyoya. Majivu ya kifuko kilichovunjika usiyapulize wala kuwaachia watoto wayachezee, kwa sababu baadhi ya vifuko bado vina thori na thori ina mionzi, hafifu lakini vumbi lake si la kuvuta puani. Yafute kwa kitambaa kibichi, nawa mikono.

Wachangiaji waliokwambia uweke balbu ya sola wana hoja, sitaki kukuficha. Taa moja ya biogesi inakula kati ya lita 100 na 150 kwa saa, na gesi hiyo ni ya jikoni. Kwangu sebuleni tuna sola. Taa ya biogesi niliihamishia kwenye banda la vifaranga, ambako joto lake lote linatumika pamoja na mwanga. Lakini kama una gesi inayobaki, hakuna sababu ya kuitupa taa nzima iliyofifia kwa utando wa buibui.

Pima alfajiri na jioni, uniandikie hapa sentimita zote mbili na picha ya matundu ya hewa ikiwa imepigwa kwa tochi. Na fundi akija kabla ya hapo, mwombe aweke chini sindano.