Tumbo la mama limevimba siku ya tano? Weka chini hayo mafuta ya nyonyo

Usimpe! Hata kijiko kimoja usimpe. Mkuu, mama kafanyiwa operesheni ya kizazi kilichoshuka, leo siku ya tano, tumbo limejaa, hajajamba, usiku anatetemeka kwa homa, na wewe unatuuliza vijiko vingapi vya nyonyo, uji gani, na lini arudi soko la Mwaloni kuuza dagaa? Mimi niliambiwa vijiko vitatu. Nikanywa vinne, ubishi wangu huo.

Ilikuwa 2019, nipo Sengerema kama wewe, nimetoka kukarabatiwa huko chini baada ya watoto sita na ndoo za dagaa zisizo na idadi. Tumbo likaanza kukaza. Wifi akasema gesi. Muuza duka la dawa, ambaye hata tumbo hakunigusa, akasema choo kimeganda, akatoa chupa ya nyonyo na vidonge vya maumivu. Mpaka leo anajiita daktari. Nikipita ananiamkia "shikamoo mama", namjibu marahaba kwa meno tu.

Kumbe utumbo ulijeruhiwa kwenye operesheni. Utumbo na kizazi vimebanana humo ndani, na pengine jeraha halionekani siku ile. Tundu linafunguka siku kadhaa baadaye, choo kinavujia tumboni. Sasa kunywa dawa ya kuendesha kama hiyo nyonyo uone: utumbo unasukuma kwa nguvu, na kinachosukumwa kinapitia kwenye tundu. Vile vidonge navyo vilinipumbaza. Maumivu yakatulia nusu siku, nikajiona nimepona, nikala ugali wa muhogo na sangara. Usiku nikatapika kijani. Tumbo gumu kama ngoma, mtu akiligusa na kuachia naruka. Alfajiri nipo Busisi, nimejikunja juu ya magunia nyuma ya pikapu, tunangoja kivuko cha kuvuka ziwa. Nyie leo mna daraja, kisingizio hamna.

Walinifungua tumbo, wakaosha usaha, wakatoa utumbo nje pembeni ya kitovu. Miezi minne najisaidia kwenye mfuko. Mfuko hauna adabu: unanguruma katikati ya sala, mimi namkodolea macho jirani. Mifuko ikiisha tulifunga nailoni na kitambaa, ngozi ikaungua mpaka ikatoa maji. Injini ya mtumbwi iliuzwa.

Aliyepasuliwa huko, maumivu yanatakiwa yapungue kila siku. Yakizidi, tumbo likavimba, homa ikapanda, ni hospitali leo hii. Njiani asile wala asinywe, huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Beba karatasi aliyopewa aliporuhusiwa hospitali, na mlangoni taja operesheni kabla ya yote, wasije wakampima malaria wakamrudisha nyumbani na dawa mseto. Dada yako amwulize faraghani kama choo au upepo unatoka kwa mbele. Wewe hatakwambia, mimi nilificha siku mbili.

Gari umepata? Mama amejamba au bado? Jibu hapa hapa.